Mama Aseme Nini Mlangoni

Kihesa, Iringa
14 Julai 2024

Kaka Sham,

Asalaam alaykum. Nakusalimia nikiwa nimevaa masweta mawili na soksi za Mercy, rafiki yangu wa kitanda cha juu, kwa hiyo ukiona mwandiko unatetemeka usidhani naumwa. Ni baridi ya hapa tu. Mafua niliyotoka nayo Mbeya yameisha. Baba hajambo? Goti lake? Yule paka wa dukani kazaa au bado anaringa na tumbo? Mpe baba shikamoo yangu.

Simu hapa hairuhusiwi hata kuiota, itabidi tuandikiane kama watu wa zamani. Nimepanga hivi: wewe barua mpe kondakta wa basi, yule rafiki wa baba, Mzee Abdulkarim, ataichukua stendi pamoja na mizigo yake, na mimi nitaifuata dukani kwake Mlandege Jumamosi nikipewa ruhusa ya kutoka. Nisipopewa, itanisubiri. Kwa hiyo nikichelewa kujibu usininunie.

Tumepata mwalimu mpya wa Kiingereza, Madam Eveline. Unakumbuka habari ya kile kibao cha mbao? Ukisikika unaongea Kiswahili hapa shuleni unavishwa shingoni, halafu unazunguka nacho mpaka umkamate mwenzako umvishe. Mimi tangu kidato cha kwanza sijakivaa hata mara moja. Watu wananisifu, eti Ruwaida anaongea Kiingereza kitupu. Ukweli ni kwamba siongei kitu. Hakuna anayekuvisha kibao kwa kunyamaza.

Madam Eveline alipoingia darasani alikitundika kwenye msumari wa dirisha, akasema kwenye kipindi chake kipumzike. Kisha akatugawia shairi fupi la Kiingereza la mtoto anayesubiri mvua iishe. Hakutuuliza maana ya maneno. Alisema kila mtu atafute kipande chake cha ukuta, aliambie lile shairi kama anavyotoa siri. Darasa zima tunanong'oneza ukuta! Gerson, yule kijana wa Uyole niliyekuambia hanyamazi, akageuka akasema, "Madam, ukuta wangu hausikii vizuri, ni wa upande wa chooni." Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mimi nililisoma mara nne. Niliisikia sauti yangu, Sham. Inakwaruza kama mlango usiofunguliwa.

Sasa kuna hili. Mwezi wa kumi ni Siku ya Wazazi, na darasa letu litafanya igizo kwa Kiingereza. Madam hataki kitabu. Alisema kila mtu aandike jambo moja ambalo kwao halisemwi. "Msiogope," akasema, "mmeliandika kwa Kiingereza, nani nyumbani atalisoma?" Nikaandika. Alificha majina, akasoma yote, darasa likachagua langu.

Ni habari ya msichana ambaye mama yake aliondoka, na baba akasema jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Usikasirike, kaka. Kwa Kiswahili nisingeandika hata mstari mmoja. Nikiandika "mama" mkono unakuwa mzito. Lile neno la Kiingereza halijawahi kuitwa jikoni kwetu, halimjui mtu yeyote, nikaliandika ukurasa mzima bila kulia.

Shida iko mwishoni. Mama anarudi, anafika mlangoni. Anasema nini? Nimeacha mistari mitupu. Wewe ulikuwa mkubwa alipoondoka. Niambie, angesema nini?

Mdogo wako,
Ruwaida


Mwanjelwa, Mbeya
5 Agosti 2024

Ruwa,

Waalaykum salaam, bibi mdogo wa Kiingereza. Barua yako niliipata siku nyingi. Mzee goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua anapanda ngazi za stoo haraka kuliko mimi. Paka kazaa ndani ya sufuria namba kumi, lile kubwa la shughuli, na mzee amekataa lisiuzwe mpaka watoto wafumbue macho. Mama mmoja alilitaka kwa ajili ya harusi, akaambiwa lina wapangaji.

Biashara ya vyombo iko hivyo hivyo. Mabeseni yanatoka, chupa za chai hazitoki. Jioni tunafunga, tunakula, mzee anaangalia taarifa ya habari, mimi naangalia mzee anavyoangalia taarifa ya habari. Ndiyo maisha yetu. Tangu uondoke hakuna wa kugombania rimoti.

Nimecheka habari ya ukuta. Mimi nilipata F ya Kiingereza kwa kukariri nyakati zote kumi na sita za vitenzi. Hakuna aliyeniambia niongee na ukuta, labda ningefaulu. Mwalimu wetu alikuwa anaongea na ukuta yeye.

Kuhusu lile uliloniuliza mwishoni, ngoja, mteja ameingia. Nitakuandikia.

Kaka yako,
Shamsudin


Kihesa, Iringa
18 Agosti 2024

Kaka Sham,

Asalaam alaykum. Nimefurahi kusikia sufuria lina wapangaji. Hapa tuko salama, Mercy anakusalimia ingawa hakujui, anasema mtu mwenye duka la vyombo ni wa kumsalimia mapema. Chakula ni kilekile. Naomba umwambie baba niko vizuri, maana nikimwandikia mwenyewe naishia "shikamoo baba, mimi mzima" halafu sina kingine.

Mteja wako anakaa sana dukani.

Nikueleze kilichonipata. Madam ana mchezo mmoja anaouita kiti cha maswali. Unakaa kwenye kiti mbele ya darasa, wewe si wewe tena, ni mtu wa kwenye igizo, na wenzako wanakuuliza chochote. Ukijibu unajibu kama yeye, kwa Kiingereza. Gerson alikaa akiwa baba. Wakamuuliza kwa nini hataki jina la mkewe litajwe, akajibu, "Kwa sababu nikilisikia nitamfuata, na goti linauma." Darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya goti. Kumbe kwenye karatasi niliandika bila kujua.

Ilipofika zamu ya mama hakuna aliyetaka kukaa. Madam akaniangalia mimi. Sijui kama anajua. Nikakaa.

Wakauliza: uliondoka kwa nini? Uliaga? Ulibeba nini? Binti yako ulimwachia maneno gani? Maswali yote niliyaelewa, Sham, na Kiingereza cha kujibia nilikuwa nacho. Nilichokosa ni majibu. Nilikaa pale mpaka Mercy akasema, "Madam, mama amechoka na safari, mwacheni." Nikarudi mahali pangu.

Ninachojua ni hiki tu. Alitaka kwenda Makongolosi kuwapikia wachimba dhahabu, baba akakataa. Akaenda. Baba akasema aliyetoka ametoka. Nilikuwa na miaka kumi na nne, nilirudi kutoka shule nikakuta kanga zake hazipo kwenye kamba. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia. Tangu hapo nimejifunza kutouliza, na mtu asiyeuliza nyumbani hata shuleni hanyooshi mkono.

Sasa darasa zima linasubiri yule mama aongee. Nisaidie.

Ruwaida


Mwanjelwa, Mbeya
1 Septemba 2024

Ruwa,

Salaam nyingi. Sisi wazima. Mvua bado, vumbi ndilo bosi wa mji. Watoto wa paka wamefumbua macho, sufuria limeuzwa siku hiyo hiyo.

Haya, nimekaa nimefikiria. Muandike hivi. Mama anafika mlangoni, anaanguka magotini, anasema: "Nisamehe mume wangu, nisameheni wanangu, dunia imenifunza, sikujua thamani ya nyumba yangu mpaka nilipoiacha." Halafu baba analia, binti analia, wanakumbatiana, mnafunga. Wazazi watapiga makofi mpaka mikono iwe myekundu. Wewe tafsiri tu.

Mengine tutaongea ukija likizo.

Shamsudin


Kihesa, Iringa
8 Septemba 2024

Kaka,

Asalaam alaykum. Sina habari nyingi, mimi mzima.

Nilitafsiri. Nilitumia kamusi, nikatengeneza vizuri. Mercy akasoma mbele ya darasa, akapiga magoti kama ulivyosema. Gerson akauliza, "Huyu mama tangazo lake linaisha saa ngapi?" Watu wakacheka wakashika matumbo. Madam hakucheka. Alikuja kwangu taratibu akaniuliza, "Ruwaida, kwenu nani anaongea hivi?"

Nikasema hakuna.

"Basi mtafute anayeongea. Tutangoja."

Hayo hukuyasikia kwa mama, Sham. Mama gani yule? Mama hakuwahi kuanguka magotini hata baba alipokuwa anapiga meza. Umeongeza chumvi kwa sababu hutaki kuniambia kitu, na mimi nakujua, ukificha jambo unakuwa mchekeshaji au mhubiri. Kwenye barua ya kwanza ulikuwa mchekeshaji.

Nakuja likizo wiki ijayo. Mbele ya baba nitakuwa kama kawaida yangu.

Ruwaida


Mwanjelwa, Mbeya
29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Natumaini basi lilikufikisha vizuri na lile dumu la mafuta ya kupaka halikumwagika kwenye madaftari.

Ulikaa hapa likizo nzima. Tumekwenda maulidini, tumepanga mabeseni, tumemenya viazi, hukuniuliza. Mimi nilikuwa nakungoja uulize. Siku ya kuondoka tulisimama stendi pale muda mrefu, nikasema moyoni sasa namwambia, nikafungua mdomo nikasema, "Angalia begi lako." Ukasema, "Naliona." Ukapanda. Nilirudi dukani nimejichukia.

Basi Alhamisi nilimwambia mzee naenda kudai chupa za chai kwa mteja wa Chunya. Sikwenda kudai chupa. Nilikwenda Makongolosi.

Si vigumu kumpata. Uliza tu mama wa wali wa nazi, kila mchimbaji anamjua. Ana banda la mabati karibu na wanakosagia mawe, mabenchi matatu, masufuria yake yanang'aa kama ya dukani kwetu. Kapungua, uso umeiva jua. Aliponiona hakupiga kelele. Alisema, "Kaa hapo, pisha wateja," akanipakulia. Nikala. Watu wakala, wakaondoka. Ndipo akakaa na ungo wa mchele, anachambua mawe.

Nikamwambia, "Mama, Ruwa ana igizo shuleni."

"La nini?"

"La Kiingereza. Kuna mama anarudi, anafika mlangoni. Anauliza aseme nini."

Aliendelea kuchambua. "Mlangoni kwa nani?"

"Kwake."

"Kwake nani, Sham?"

Nikaangalia ungo.

Akasema, "Mwambie aandike hodi."

Nikacheka, nikajua anatania. Nikamwambia, "Mama, nani anapiga hodi kwake? Mtu kwake anasukuma mlango anaingia, anauliza mbona jiko halijawashwa."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Yule wa kwenye mchezo apige hodi. Mara tatu. Zikipita tatu hajasikia karibu, ashuke barazani aende zake. Asigombane na mlango."

Nilimuuliza kama hicho ndicho kinamzuia. Alimwaga mchele kwenye sufuria, akaniuliza una urefu gani sasa. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa, begani kwangu. Akasimama akapima begani kwangu na kiganja chake, akakiacha pale kidogo. Kisha akaniambia niwahi basi.

Basi. Hakuna chumvi hapo. Nimeandika kama alivyosema.

Mzee hajui. Aliniuliza chupa za chai, nikamwambia mteja hayupo.

Shamsudin


Kihesa, Iringa
6 Oktoba 2024

Kaka Sham,

Asalaam alaykum, na asante. Barua yako niliisomea kwenye kamba za nguo nyuma ya bweni, katikati ya mashuka yanayoanikwa, mahali ambapo mtu anaweza kukaa asionekane na upande wowote. Nimeisoma sehemu ya begani mara nyingi. Wewe umekua wapi, au mimi ndiye nimekua?

Kumbe muda huu wote nilikuwa nafikiri hataki kuja. Yeye anangoja aambiwe karibu.

Darasani hodi ilileta ugomvi. Tulibishana kipindi kizima, na kwa Kiingereza, Madam anakenua tu kwenye kona. Mmoja akasema Wazungu hawana hodi, wanagonga, basi agonge. Mercy akasema, "Mbao inagongwa na mgeni yeyote, hata wa kudai kodi. Hodi unajua ni nani kwa sauti yake." Gerson akasema aseme "Excuse me," kama anapita kwenye foleni ya uji. Nikanyoosha mkono. Sham, nilinyoosha mkono! Watu waligeuka kama wameona kiti kinaongea. Nikasema kwamba huyu mama ile nyumba ni yake, na kwao mtu hapigi hodi kwake. Akipiga, basi amejihesabu mgeni, na walio ndani wanajua hivyo wakimsikia. Nilisema haya yote kwa Kiingereza, yakatoka yamepinda lakini yakatoka.

Madam akasema hodi ibaki hodi, wazazi wataielewa bila mkalimani.

Mwisho tumeupanga hivi. Gerson ni baba, amekaa kwenye kiti, ameupa mlango mgongo. Mercy ni binti. Hodi ya kwanza, Mercy anamtazama baba. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Halafu miguu inasikika ikiondoka, na mashuka tuliyofanya pazia yanafungwa. Madam aliniuliza kama sitaki baba ajibu, watu warudi nyumbani wamefurahi. Nikakataa. Sitaki kuongea uongo mwingine.

Mama hataonekana. Ni mimi, nyuma ya shuka. Nilimwambia Madam siwezi kusimama mbele za watu, akasema basi uwe sauti. Kabla ya hodi ninasema mistari kumi na miwili nikiwa kama njiani: vumbi, masufuria, watoto wa watu ninaowapakulia. Nikiwa nyuma ya shuka nasema bila kukwama. Sijui ni kwa sababu ya shuka au kwa sababu ya Kiingereza.

Njoo, Sham. Tarehe 26, saa nne asubuhi. Baba asisumbuke na goti lake, atume Mzee Abdulkarim kama mwaka jana. Nataka mtu mmoja tu mle ndani anayejua yule ni nani.

Ruwaida


Mwanjelwa, Mbeya
20 Oktoba 2024

Ruwa,

Haraka haraka, basi linaondoka. Siwezi kuja. Mzee anakuja mwenyewe. Anasema ana mzigo wa kuangalia Mlandege kwa Mzee Abdulkarim, kwa hiyo atapitia na kwenye hiyo sherehe yenu. Nimejaribu kumzuia kwa habari ya goti, akaniambia goti halisomi shule.

Usiogope. Hajui Kiingereza hata cha kununulia soda. Ataona watoto wanaongea, atapiga makofi, atakupa karanga, ataondoka. Wewe sema mistari yako.

Shamsudin


Kihesa, Iringa
27 Oktoba 2024

Kaka Sham,

Asalaam alaykum. Leo sina salamu ndefu. Mimi mzima, baba alifika mzima, ukisoma hii atakuwa amesharudi na ninavyomjua hajakueleza lolote zaidi ya bei za Mlandege. Kwa hiyo ngoja nikueleze mimi, tangu mwanzo.

Ukumbi ni bwalo la chakula. Tulifunga waya kutoka dirisha hadi dirisha, tukatundika mashuka ya bweni, na Clement wa kidato cha pili ndiye wa kuyavuta. Mimi nilisimama nyuma yake tangu wageni wanaingia. Mashuka hayakufika chini, kwa hiyo niliona viatu tu. Viatu vya mwalimu mkuu, ndara za mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, mabuti yenye udongo wa shamba. Halafu nikaona viatu vya baba. Vile vyeusi anavyovaa Idi, kile cha kushoto kimelalia upande kwa sababu ya goti. Mstari wa pili, karibu na njia.

Nilitaka kumwambia Madam naumwa. Sikupata nafasi, kengele ililia.

Gerson alifanya vizuri, watu walicheka hata wasioelewa, kwa vile anavyosogeza redio karibu na sikio ili asimsikie bintiye. Mercy akauliza swali lake, "Mama yuko wapi?" kwa Kiingereza, akaongezewa sauti ya redio. Kisha ikawa zamu yangu. Nilifumba macho, nikaisema ile mistari kumi na miwili. Sikukwama. Lakini unakumbuka jinsi shangazi alivyokuwa akipiga simu, nikipokea anadhani ni mama, anasema, "Hanifa, niitie mumeo." Niliisikia hiyo sauti inatoka kwangu, inazunguka bwalo zima, na nilipofumbua macho kile kiatu cha kushoto kilikuwa kimerudi nyuma, chini ya kiti.

Nikasema hodi.

Kimya, kama tulivyopanga. Nilihesabu pumzi.

Nikasema hodi ya pili. Yule mama wa ndara akaanza, "Kari..." Mtoto wake mkubwa akamnyamazisha, "Mama, ni mchezo!" Watu wakacheka kidogo. Kumbe walikuwa wanahangaika, Sham. Viatu vilikuwa vinasogea sogea. Hatukuliwaza hilo hata mara moja kwenye mazoezi, sisi tulikuwa tunahangaika na Kiingereza. Ukumbi umejaa watu wazima, mtu anapiga hodi, na wameambiwa wakae kimya.

Hodi ya tatu ilitoka ndogo.

"Karibu."

Hakuisema kwa kelele. Ni ile anayoisema dukani akiwa ameinama kwenye daftari la mauzo, kabla hajamwona mteja. Kicheko kikapasuka bwalo zima, halafu kikafa, kwa sababu Gerson aligeuka kwenye kiti chake, mdomo wazi, anatazama mstari wa pili. Baba wa igizo anamtazama baba.

Miguu yangu ilitakiwa iondoke. Hapo ndipo nilipotakiwa kukanyaga ubao mara sita, kila mara taratibu zaidi, Clement avute mashuka. Clement alikuwa ananiangalia, mkono kwenye waya. Nilisikia Madam ananong'ona, lakini sikusikia anasema nini.

Nikainua shuka, nikaingia.

Nilikuwa nimejifunga kitenge cha Mercy na sare chini yake, sikuwa nimepangiwa kuonekana. Taa, watu, wote. Mercy aliniona akasahau yuko wapi. Akachuchumaa chini kama wanavyofanya kwao Tukuyu, akasema, "Shikamoo mama." Kwa Kiswahili, mbele ya mwalimu mkuu! Sikuwa na mstari. Hakuna aliyeniandikia kitu cha kusema nikiingia, wala mimi sikuwahi kujiandikia. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nimekuja. Ndiyo hiyo tu, "I have come." Sentensi ya mtoto wa darasa la nne. Clement akaogopa akavuta mashuka.

Makofi yalipigwa. Madam alinishika mabega nyuma kule, kisha akafuta miwani. Gerson anauliza, "Yule mzee ni nani, tumlipe?"

Baadaye tulikaa na baba kwenye benchi la nje ya bwalo. Alinipa karanga kweli, na sabuni. Akaniuliza habari ya chakula, nikamwambia kizuri. Akaniuliza habari ya baridi, nikamwambia imepungua. Wazazi wengine walikuwa wanaondoka, wanapiga picha na watoto wao. Nikaona atainuka na mimi nitabaki na "shikamoo baba, mimi mzima" kwa mwaka mwingine mzima. Nikauliza.

"Baba, ulielewa igizo?"

"Kiingereza chenu mnakikimbiza."

"Sasa mbona ulijibu?"

Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mtu anapiga hodi mara tatu," akasema. "Watu wazima wamejaa mle ndani, kimya. Niliona aibu."

Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama lori la kuni linavyohangaika kupanda kilima.

"Yule mama alipoingia alisema nini?"

"Alisema amekuja."

"Basi?"

"Basi, baba."

"Na yule aliyekaa kwenye kiti. Alimjibu nini?"

"Hakujibu. Mashuka yalifungwa."

Alitikisa kichwa. Alishika goti akasimama, akakung'uta kanzu. Nilidhani ameshamaliza. Nilimsindikiza hadi getini, mlinzi akamfungulia, na akiwa ameshatoka nje akageuka.

"Yule wa kwenye kiti mngempa nafasi kidogo," akasema. "Alikuwa na la kumwambia."

Kisha akashuka na njia ya Mlandege, hakugeuka tena. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimesahaulika.

Sham, mwambie baba unaenda kudai zile chupa za chai. Nenda Makongolosi, kaa mpaka wateja waishe, umwambie mama maneno hayo kama yalivyotoka. Usimchekeshe, usimhubirie. Usiongeze neno.

Ruwaida